Mkwaruzo Chini ya Ubawa

Mpiga picha aliikuza picha kwenye kompyuta, akaikuza tena, na mkwaruzo haukuondoka. Ulikuwa mwembamba kama unywele, chini kidogo ya ubawa wa ndege, unang'aa upya juu ya fedha iliyofifia kwa uzee.

Akavua glavu za pamba, akaketi.

Sarafu ilikuwa ya mkwewe, fundi cherehani aliyerithi mkebe mzima kutoka kwa baba yake. Nyingine zilikuwa za kawaida tu. Hii ya ndege ndiyo iliyokuwa na thamani, na thamani yake ndiyo ingelipia upasuaji wa macho ya mzee. Mtoto wa jicho alikuwa amemfikisha pa kutunga uzi kwa kupapasa. Mnunuzi, mtu wa mbali, alitaka kwanza picha za kitaalamu, pande zote mbili, na alikuwa ameonya mapema: sarafu yenye mkwaruzo mpya haitaki.

Mzee alikuwa amekuja studio akishikwa mkono na binti yake, mke wa mpiga picha. Alipotajiwa gharama, akacheka.

"Siku ya harusi yangu nilipigwa picha kwa nusu ya hiyo," alisema, "na mke alikuwamo."

Mpiga picha akaeleza taratibu kwamba kila sarafu ina mng'ao wake, kwamba taa husogezwa upya kwa kila upande, na kwamba lenzi ya kazi hiyo aliinunua baada ya kuuza pikipiki. Tena alikwisha kumpunguzia. Mkewe alikuwa akitazama sakafu. Mzee akakubali shingo upande, akazitoa sarafu mkebeni moja moja, ya ndege mwisho. Hiyo alikawia nayo, ameifunika kwa leso mapajani, sindano zake zikimeta kwenye ukosi wa koti, hata binti yake akamwambia, "Mpe, baba. Si mgeni huyu."

Mzaha ule wa harusi ulimkaa mpiga picha rohoni. Alifanya kazi amenuna. Hakuikagua sarafu kwanza, kama ilivyokuwa desturi yake, na badala ya kuigeuza kwa vidole akaisukuma kwa ncha ya kibano cha chuma. Mara moja tu. Sasa aliona kwamba mara moja ilitosha.

Kompyuta ilikuwa na dawa yake. Alipitisha brashi juu ya ubawa, mkwaruzo ukatoweka kana kwamba haukuwahi kuwapo. Akakaa akiitazama picha ile safi. Mnunuzi angelipa, sarafu ingemfikia mkononi, na aibu ingemwangukia mzee asiyejua lolote. Akaurudisha mkwaruzo. Uso ulimwaka, ingawa chumbani hapakuwa na mtu mwingine.

Jioni alirudi nyumbani. Mkewe alipouliza kama picha zimetoka vizuri, alijibu kuwa zimetoka, akaisogeza sahani pembeni. Mke akadhani bado amekasirika.

"Usimchukulie baba vibaya," alisema. "Tangu macho yaanze kumtupa mkono, anaogopa kila mtu. Nimemwambia wewe huwezi kumfanyia ubaya."

Mpiga picha akainuka, akaenda kuosha mikono iliyokuwa safi.

Kulipokucha alimpigia simu mwenzake mmoja aliyekuwa akiitamani lenzi yake siku nyingi. Bei aliyopewa haikukaribia thamani ya ile sarafu, lakini ingekuwa mwanzo. Akakubali bila kubishana, na mwenzake akamwuliza kama yuko salama.

Mzee alipofika na binti yake, mkebe ulikuwa tayari mezani. Juu yake zilikuwa picha, ile ya ndege mbele kabisa, mkwaruzo ukionekana waziwazi kwa mwenye macho. Mpiga picha alikuwa amepanga maneno njia nzima. Sasa akaanza na lililokuwa rahisi.

"Baba, sikudai hata senti. Kazi hii ni bure."

Tabasamu la mzee likakatika. "Juzi ulinisomea habari za taa na lenzi mpaka nikasinzia. Leo bure?"

"Ndiyo, baba. Kuna jambo kuhusu ile ya ndege. Naona aibu hata kulitamka."

Mzee hakungoja alitamke. Alizisukuma picha kando, nyingine zikaanguka chini, akaingiza mkono mkebeni. Sarafu zikalia. Akazipapasa, akaziacha, akapapasa tena, mpaka akaipata ya ndege. Binti yake alimgeukia mumewe na kumtazama kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama.

"Ni kosa langu," mpiga picha alisema kwa sauti ya chini. "Nitalipa."

Mzee hakuonekana kusikia. Alikuwa amefumba macho. Dole gumba lake lilipita juu ya kichwa cha ndege, likateremka polepole hadi ubawani, likasimama hapo. Pumzi ndefu ikamtoka.

"Ulisema kweli, mwanangu," alimwambia binti yake. "Hakuibadilisha. Alama niliyoikwaruza kwa sindano kabla sijampa, hii hapa."