Kibali cha Mnana

Kobe, aliyezaliwa na nyumba yake mgongoni, ndiye aliyepewa kazi ya kutoa vibali vya ujenzi. Ndege Mnana alijenga kiota bila kibali kwa kuwa masika yalikaribia. Kobe akakipiga X nyekundu.

"Bomoa kwanza, mama, ndipo uombe. Njoo wiki ijayo."

Mnana akabomoa, akataga mayai matatu majanini. Akaenda wiki hiyo, akaenda na iliyofuata; kila mara Kobe akamjibu: njoo kesho. Mvua ikanyesha, mayai yakasombwa.

Kesho yake Kobe akamletea kibali chenye mhuri. "Hongera! Mwaka huu vibali vimeongezeka maradufu."

"Na mayai yangu, mzee?"

"Sisi tunahesabu vibali," akajibu Kobe, akarudisha kichwa ndani, maana mvua ilikuwa inaanza tena.