Orodha ya Tatu

Mara ya pili wiki hiyo, karani Mwanaheri alibandua orodha ya waliochaguliwa chuoni. Alipobandika namba tupu, wazazi walifoka kwamba wakubwa wanapenyeza watoto wao. Alipobandika kila kitu, mkuu wa udahili alifoka kwamba anaanika siri za watu.

"Sasa niambie mwenyewe, bosi, watu waone au wasione?"

"Futa majina. Shule na sababu za kuchaguliwa ziache."

Akafuta, akabandika, akasonya. Umati ukasogea. Mzazi mmoja akasoma kwa sauti: "Shule ya Mwangoni, mmoja tu. Nafasi maalumu, mama yuko gerezani."

Vichwa vikageuka. Kule nyuma, msichana mmoja alikuwa akihangaika kuvua sweta lenye nembo ya Mwangoni.