Vidole Sita

Kidole cha sita kilikatwa Jumatatu asubuhi, mezani, karibu na dirisha. Damu haikumwagika. Fundi viatu alikisugua kwa kifutio mpaka karatasi ikabaki nyeupe, kisha akahesabu vilivyobaki kwa sauti, moja mpaka tano. Akahesabu na vya kwake, kwa usalama.

"Vitano," akamwambia mkewe.

"Hongera. Miaka minne, na hatimaye umejua kuhesabu mpaka tano." Mkewe aliifuta vumbi ile meza kana kwamba ilikuwa yake tayari. "Zimebaki wiki mbili, baba watoto. Usisahau."

Atasahau vipi? Walikubaliana kwamba kibonzo chake kisipotoka gazetini kabla ya mwaka kwisha, kalamu zinaingia kabatini na meza inakuwa ya kupigia pasi. Fundi alikubali huku roho inamuuma, maana ukiondoa viatu vya watu, maishani mwake alikuwa na kitu hicho kimoja tu.

Kila wiki alichora kibonzo cha jirani mmoja anayewakwepa wageni. Wakibisha hodi, anashika mlango usifunguke na kujibu kutoka ndani, "Nipo, ila sipo." Alisaini "Msumari", ili aibu ikija isimjue jina. Kila wiki alikituma gazetini kwa posta, na kila wiki gazeti, kwa adabu zake zote, lilimrudishia karatasi yake ikiwa imepigwa muhuri mwekundu: IMETOLEWA. Chini yake palikuwa na tarehe, na kila mara ilikuwa ya Jumamosi. Wachapakazi kweli wale, hata Jumamosi hawapumziki kuwavunja watu moyo.

Muhuri wa kwanza ulipofika, fundi hakuwa na hakika nao. Aliyemfafanulia ni shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu aliyeujua mpira wote bila kuinuka kwenye kiti.

"Imetolewa, shemeji. Timu yangu si ilitolewa juzi? Ndiyo hivyo hivyo. Raundi ya kwanza tu, nje. Pole sana."

Nani abishane na mtaalamu? Tangu siku hiyo gazeti lile likapigwa marufuku nyumbani na kibandani. Hata viatu vya wateja vilifungwa kwa gazeti la wapinzani wao.

Mtu mwenye akili angeacha. Fundi akanunua daftari la mazoezi. Alichora mikono mia mbili kwa mwezi, akalimaliza daftari, akanunua jingine. Alimkalisha mkewe kiganja juu kama anayeapishwa mahakamani, mpaka mboga zikaungua. Mwaka wa pili alijifunza pua. Zamani pua ya jirani ilitazama kushoto hata mwenyewe akielekea kulia. Mwaka wa tatu alinyoosha mlango, uliokuwa umeinama tangu siku ya kwanza. Mihuri ikaendelea kuja, na kila ulipokuja alijiambia, "Bado kidogo," akachonga penseli.

Kilichomuumiza zaidi kilitokea kibandani, mwaka wa nne ukielekea ukingoni. Mteja alikuja kuchukua viatu vyake, gundi haijakauka, akaombwa asubiri.

"Usijali, fundi. Nipo, ila sipo," mteja akasema, akacheka peke yake.

Fundi akanywea. Maneno aliyodhani ameyabuni yeye, kumbe yako midomoni mwa wapita njia. Mchoraji anayejiheshimu hawezi kuokota maneno barabarani. Jioni ile ile akaapa hatayatumia tena.

Kwa hiyo kibonzo cha Jumatatu ile kilikuwa safi kabisa. Mlango ulisimama wima. Pua ilielekea alikokwenda mwenyewe. Mkono ulikuwa na vidole vitano, kila kimoja na ukucha wake, na jirani, badala ya kujificha, alifungua mlango na kusema, "Karibuni ndani." Fundi alikitazama akaona fahari ambayo hakuwahi kuiona. Akakipeleka posta mwenyewe, amekishika kwa mikono miwili.

Ijumaa bahasha ikarudi. Akaifungua kibandani, akasoma muhuri, akaketi juu ya kiatu cha mtu bila kujua. Kisha akafunga kibanda na kukimbia hadi kwa shemeji yake.

Shemeji alisoma mara mbili. Akapunguza sauti ya televisheni, jambo ambalo hakulifanya hata kwenye msiba.

"Haikutolewa," akasema. "Shemeji, umepita."

Fundi akalia pale pale mlangoni, na hakuona haya.

Jumamosi asubuhi alinunua gazeti lile kwa mara ya kwanza katika miaka minne. Alinunua nakala tatu: moja yake, moja ya shemeji, moja ya kutia fremu. Alipofika nyumbani alikuta pasi imerudishwa kabatini bila yeye kuomba, na mkewe amevaa gauni la kutokea. Shemeji naye alikuwa ameshafika, wakaizunguka meza wote watatu. Fundi alijaribu kufungua ukurasa wa vibonzo, akapitiliza hadi kwenye michezo, ikabidi mkewe amsaidie.

Katikati ya ukurasa palikuwa na kisanduku kisicho na picha. Mkewe akasoma kwa sauti.

"Wasomaji wapendwa, mtuwie radhi. Kibonzo cha Msumari, ambacho mmekifurahia hapa kila Jumamosi kwa miaka minne, leo hakikutolewa. Tumepokea mchoro wenye jina lake, lakini una vidole vitano, na sote tunamjua Msumari: hana uwezo huo."