Kipanga Lajitetea

Siku hizo gari halikuuzwa mpaka lijieleze lenyewe mbele ya mnunuzi. Sheria haikubagua: kila chenye mota kilipaswa kusema ukweli wake wote kabla ya kupata mwenyewe mpya.

Ndiyo maana Mwanahawa alikuwa akitokwa na jasho uani kwake Korogwe. Aliyekuja kununua gari lake aina ya Kipanga alikuwa mama mkwe wake, Bi Pili wa Muheza, na gari lilijua mambo.

"Kipanga si ndiyo yale ya kufia njiani?" Bi Pili aliuliza.

"Ya kwanza, ndiyo," gari likajibu. "Gia zao zilikuwa biskuti. Mimi ni toleo la tano, bibi. Miaka tisa sijazima njiani hata mara moja."

Bi Pili akamgeukia mkwewe. "Na zile Idi nne ulizonipigia simu kwamba gari limekufa?"

Mwanahawa akaangalia kuku. "Mama, lilikuwa linachemsha."

"Nilikuwa nimeegeshwa hapa hapa," gari likasema. "Yeye amelala. Alisema pilau yako ina chumvi."

Bi Pili akalizunguka gari, akapiga tairi teke.

"Nalichukua. Gari zima namna hii! Sasa nitakuwa nakuja mwenyewe kila Ijumaa, mwanangu, na sufuria yangu ya pilau."

Kisha akachungulia jikoni.

"Na lile friji, hamliuzi?"

Kule ndani, friji likajikohoza.