Jina la Saa Mbili Asubuhi

Theoneste aliondoa kidole kwenye kibodi kabla redio iliyounganishwa na kompyuta haijaanza kuleta majina, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo kompyuta haikuganda.

Alikuwa akiitafuta hitilafu hiyo jioni, wazazi waliokuja ofisini kutafuta watoto wao waliopotea wakishaondoka, na jioni haikuganda hata mara moja. Sasa alielewa. Saa mbili asubuhi, majina ya watoto waliopatikana katika kambi za Karagwe yakiingia, kompyuta huacha kazi iyapokee, kisha irudi ilipoishia. Programu aliyoiandika mwenyewe haikuweka alama ya pa kurudia. Ukibonyeza herufi wakati huo huo, inaganda, na jina linaloingia linapotea. Redio hairudii.

Naye alibonyeza kila asubuhi, kwa heshima, ili mzazi aliyesimama mbele yake asisubiri sana.

Jana, saa hiyo hiyo, iliganda mbele ya mama mmoja aliyekuja kumtafuta mwanawe. Alipoiwasha upya alilitafuta jina la mtoto, akamwambia, "Hayupo."

Mama huyo sasa alikuwa mlangoni, mkeka kichwani. Nje lori la kurudi Rwanda lilikuwa linaunguruma.

"Nimekuja kukuaga, mwanangu. Wewe angalau ulinitafutia."

"Shikamoo, mama," alisema Theoneste, bila kumwambia kwamba jina lililopotea jana huenda lilikuwa la mwanawe.

"Marahaba," aliitikia mama, akageukia lori.