Jina Limeingia, Dozi Bado

Kwenye skrini ya fundi wa programu, mtoto wa kitanda cha dirishani alikuwa ameandikiwa dozi ya mtu mzima.

Daktari alikuwa anamsajili mtoto kwenye kitanda alichohama mzee. Jina limeingia, dozi bado ni ile ya mzee, na muuguzi keshaanza kusoma. Fundi alikuwa ametunga kufuli ndani ya programu la kuzuia hilo hilo: wauguzi wasome pamoja wapendavyo, lakini daktari akianza kuandika, wote wangoje amalize. Kufuli halikuwepo.

"Shemeji, umelitoa?"

Mkuu wa ofisi, mume wa dada yake, alikuwa akinyoosha tai. Wageni waliokuja kuonyeshwa mfumo walikuwa nyuma ya mlango.

"Linagandisha skrini, shem. Unataka nichekwe?"

"Wodi nzima inasoma humu sasa hivi."

"Tutalirudisha wakiondoka. Wewe nawe, umbo la sindano, kelele za king'ora. Kanywe maji."

Maji hakuyanywa. Alipiga magoti nyuma ya mtambo ulioendesha mfumo, akauzungusha waya wake wa umeme kwenye ngumi. Ulikuwa na joto kama mkono wa mtu, na vumbi lake likashikamana na jasho. Mfumo ukizimika, wauguzi hurudi kwenye faili za karatasi, hilo wamefunzwa. Shemeji naye angerudi nyumbani kwa dada na hadithi yake ya kuaibishwa.

"We, unatafuta nini huko chini?"

Kitasa cha mlango kikazunguka.

"Karibuni, karibuni sana," shemeji akasema, meno yote nje.

Fundi akavuta.