Kalori za Mke wa Fundi

Mke wa fundi cherehani alikuwa akijaza vipimo vyake kwenye simu, ajue mwili wake unahitaji kalori ngapi kwa siku. Kilichomsukuma ni wivu. Wiki nzima mumewe alikuwa na gauni moja tu, la mwalimu jirani, analifumua, analishona upya, analipapasa kama paka.

"Mume wangu, urefu wangu ngapi vile?"

"Sentimita mia moja sabini na mbili," fundi alijibu huku akikanyaga cherehani, macho hayabanduki kwenye gauni.

Moyo ukampasuka. Yeye kichwa chake kilimfika mumewe begani; gauni lile angelivaa, lingefagia sakafu. Akajikaza kisabuni. Fundi ni fundi, vipimo vya wateja ndiyo kazi yake.

"Na uzito?" Sauti yake ilikuwa laini kama siagi.

"Kilo hamsini na nane," fundi akasema, akitabasamu peke yake.

Mke akaweka simu chini. Akaivuta futi ya kupimia nguo shingoni mwa mumewe, taratibu, akaizungusha kiganjani.

"Urefu ulimpima kwa hii, sawa. Na uzito, ulimbeba?"